Kuaga kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoondoka

Nilifanya kazi masjala, yaani ofisi inayotunza majalada, kwa miaka 18, kisha nikahamishiwa utumishi kwa miaka 8 hadi nilipostaafu. Katika miaka hiyo yote mlango wangu ulikuwa miongoni mwa milango ya mwisho kugongwa na kila aliyeondoka, awe anastaafu, anahamia kwingine, amepunguzwa au amechoka tu. Maswali waliyoniuliza yalifanana mno, nami nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ambayo ningependa kila mmoja wao angeyapata mapema kuliko alivyoyapata. Ninazungumzia zaidi Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na kwa kuwa mambo ninayoyajua vizuri ni yale yaliyopita mikononi mwangu.

Nimeamua kuondoka. Nimwambie nani kwanza?

Mwambie msimamizi wako wa karibu, ana kwa ana, kabla barua haijafika popote na kabla hujamnong'oneza mwenzako wa meza ya pili. Habari ya kuondoka kwa mtu haikai ofisini hata nusu siku, na msimamizi anayeisikia kwa mhudumu wa chai huona kwamba amedharauliwa, hata kama hukukusudia. Mazungumzo hayo hayahitaji kuwa marefu. Eleza kwamba umeamua, taja tarehe unayoifikiria, kisha uliza ni kazi zipi angependa uzimalize kabla ya tarehe hiyo. Swali hilo la mwisho limewasaidia wengi ninaowafahamu, kwa sababu humwondoa msimamizi kwenye kuulizana kwa nini na kumpeleka kwenye kupanga.

Notisi ni ya siku ngapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na anayetoka ndani ya mwezi wake wa kwanza wa ajira hutoa siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi ya huo, mradi muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Kwa hiyo soma mkataba wako kabla ya kuhesabu, kwani wengi husaini mkataba siku ya kwanza na hawaufungui tena mpaka siku hii.

Kuna kosa moja nililiona kila mwaka. Mtu ana siku zake 28 za likizo ya mwaka, naye anadhani atakwenda likizo na notisi itakuwa inakwisha huko huko. Sheria hairuhusu notisi kutolewa wakati wa likizo wala kwenda sambamba nayo, hivyo anaporudi kuchukua stahiki zake huambiwa kwamba notisi haijaanza hata siku moja. Vilevile, ukitoa notisi kisha ukakataa kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anaweza kukata fedha hizo katika malipo yako. Mwajiri naye anaweza kuamua kukulipa mshahara badala ya notisi na kukuacha uende mara moja.

Mtumishi wa umma anaongozwa pia na kanuni na taratibu za utumishi wa umma. Anayestaafu kwa hiari, jambo linaloruhusiwa kuanzia umri wa miaka 55, anapaswa kutoa taarifa yake miezi 6 kabla, naye wa lazima hustaafu akiwa na miaka 60. Tafadhali usiichukulie miezi hiyo 6 kuwa ni utaratibu wa karatasi tu, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye mafao.

Barua ya kuacha kazi iandikwe nini?

Mambo machache: kwamba unaacha kazi, tarehe ya barua, tarehe ya siku yako ya mwisho, sababu kwa sentensi moja, na utayari wako wa kukabidhi. Malalamiko hayana nafasi humo. Nimewahi kupokea barua ya kurasa 4 iliyoeleza kila jambo baya alilotendewa mwandishi tangu aajiriwe, na sina shaka kwamba sehemu kubwa ilikuwa kweli. Lakini barua hiyo iliingizwa kwenye jalada lake, ikapewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, na miaka 3 baadaye alipoomba barua ya utambulisho kwa ajili ya kazi nyingine, afisa mgeni kabisa asiyemjua alifungua jalada na kukutana nayo juu kabisa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kama una malalamiko ya kweli, yapeleke kwa njia yake, kwa maandishi yake tofauti, ili yashughulikiwe kama malalamiko.

Makabidhiano yanafanywaje? Bosi anasema niache funguo tu.

Usiache funguo tu. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika ukurasa huu, kwa sababu naamini makabidhiano ndiyo kuaga kwenyewe. Hafla na keki huja juu yake kama mapambo.

Nilipoanza masjala nilimpokea mzee aliyekuwa amebakiza siku 9 za kazi. Hati yake ya makabidhiano ilikuwa na kurasa 2, lakini hakunipa siku hiyo ya kwanza. Alinitembeza kwanza. Alinionyesha kabati la chuma ambalo mtoto wake wa tatu kutoka juu hafunguki mpaka umwinue kidogo kwa mkono wa kushoto huku unazungusha ufunguo. Alinionyesha majalada mawili ya kiwanja kimoja yaliyofunguliwa kwa makosa chini ya namba mbili, na jinsi alivyoandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la kila moja, "Tazama pia", ikifuatiwa na namba ya lile la pili. Alinitajia wananchi watano waliokuwa wanafuatilia mambo yao, akanieleza kila mmoja ameahidiwa nini na aliambiwa arudi lini. Mmoja alirudi siku aliyotajiwa, mzee akiwa ameshaondoka, nami nilimpokea kwa jina na kumwambia jalada lake limefika wapi. Sijasahau namna alivyonitazama.

Kwa hiyo hati yako ieleze kazi zilizokamilika, zinazoendelea na zilipofikia, ahadi ulizotoa kwa mdomo na watu uliowapa, vifaa ulivyonavyo kwa namba zake, funguo, mihuri, nywila, pamoja na majina ya watu wa nje ambao mrithi wako atahitaji kuwapigia simu. Iwe na saini ya anayekabidhi, ya anayepokea na ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Kama mrithi hajapatikana, kabidhi kwa msimamizi wako. Kukosekana kwa mtu wa kupokea hakukuondolei wajibu huo.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii mpaka iwakute. Hoja za ukaguzi hazimsubiri mtu. Wakaguzi wanaweza kuja mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka, wakauliza ilipo kompyuta mpakato fulani au stakabadhi za mwezi fulani, na jibu rahisi kuliko yote kwa waliobaki ni kwamba vilikuwa kwako. Ile nakala yenye saini tatu, iliyokaa kwenye bahasha nyumbani kwako, ndiyo itakayokujibia.

Ninastahili kulipwa nini nikiondoka?

Katika sekta binafsi, sheria niliyoitaja inakupa mshahara wa siku ulizofanya kazi na ambazo hujalipwa, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na malipo ya notisi pale mwajiri anapochagua kulipa badala ya kukufanyisha kazi. Unastahili pia hati ya utumishi, ambayo mwajiri analazimika kukupa ajira inapokwisha, na ambayo haihitaji kubembelezwa.

Kiinua mgongo kina masharti yake. Hulipwa kwa aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi isiyopungua 12 na ambaye mwajiri ndiye aliyesitisha ajira yake, kwa kiwango kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu hiyo inaishia miaka 10. Aliyetumikia miaka 8 anapata siku 56. Aliyetumikia miaka 14 anapata siku 70, siyo 98. Aliyeacha kazi mwenyewe, au aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu, hana haki hiyo kisheria, ingawa mikataba mingine na mikataba ya hali bora iliyosainiwa na vyama vya wafanyakazi huwa mikarimu zaidi. Ulizia kwa kiongozi wa chama chenu kabla hujakata tamaa.

La nauli husahaulika sana. Kama ajira yako imesitishwa mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa au kukulipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku tangu ajira ilipokoma hadi siku ya kusafirishwa. Nimeona watu walioajiriwa Mbeya wakafanya kazi Mwanza kwa miaka mingi, kisha wakauza vitanda vyao kwa bei ya kutupa ili wapate nauli, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Na mafao ya mfuko?

Mafao ni kitu kingine kabisa na kiinua mgongo cha mwajiri, ijapokuwa mtaani maneno haya huchanganywa. Sekta binafsi iko kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji kuwa umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Aliyeachishwa kazi kabla ya umri wa kustaafu anaweza kuangaliwa kwenye fao la kukosa ajira, lakini fao hilo halimhusu aliyeacha mwenyewe kwa hiari, na hilo ni jambo la kulijua kabla hujaandika barua, wala si baada.

Omba taarifa ya michango yako mapema na uipitie mwezi kwa mwezi. Kukatwa kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba fedha zimefika kwenye mfuko. Ukiona mwezi ulioruka, fuatilia ukiwa bado una kitambulisho cha kazi shingoni, kwa maana baada ya hapo hata getini utaanza kuulizwa unamtaka nani.

Sasa kuhusu ile miezi 6. Mama mmoja aliyekuwa mhudumu wa ofisi yetu kwa zaidi ya miaka 30 alikuja masjala akiwa amebakiza wiki 3 kustaafu, akatafuta barua yake ya kuthibitishwa kazini. Tulifungua jalada lake: folio ya 6 ipo, ya 8 ipo, ya 7 haipo. Alikaa kwenye kiti cha mbao mlangoni, mkoba umebanwa kwapani, akitutazama tunavyopanda na kushuka ngazi. Barua tuliipata baada ya wiki 5, ndani ya jalada la mtumishi mwingine mwenye majina mawili yanayofanana na yake, kutokana na kosa la mtu aliyekuwa na haraka zamani sana. Kwa wiki 2 mama yule alikuwa mstaafu asiye na mshahara wala pensheni. Kwa hiyo tafadhali, barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa na ya kupandishwa cheo ya mwisho ziwe na nakala nyumbani kwako, na uhakikishe majina yako yameandikwa kwa namna moja kwenye barua hizo, kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye akaunti ya benki.

Nina mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nikiondoka inakuwaje?

Madeni hayastaafu. Nenda SACCOS ukajue salio la mkopo, akiba na hisa zako, na ukumbuke wenzako waliokudhamini, kwani usipopanga namna ya kulipa, makato yataangukia mishahara yao. Deni la Bodi nalo linakufuata kwa mwajiri mpya, na kama unakwenda kujiajiri, wasiliana nao mwenyewe ukubaliane nao namna ya kuendelea.

Ofisi inataka kunifanyia hafla. Nijiandae vipi?

Ikubali, kama moyo wako unaruhusu. Hafla ya kuaga katika ofisi zetu ina mpangilio unaojulikana: kamati huundwa, michango hupitishwa kwa daftari, mshereheshaji hutafutwa, risala ya wafanyakazi husomwa, kisha zawadi. Wageni hushangaa wakiona mstaafu anakabidhiwa mabati na mifuko ya saruji mbele ya keki, lakini mimi naona hakuna zawadi yenye heshima kuliko hiyo. Wenzako wanakuambia kwamba wanajua una nyumba hujaimaliza, na wamechangia paa. Siku yangu nilipewa mabati 20, na chumba ninachoandikia kimeezekwa kwa hayo.

Utakapopewa nafasi ya neno la shukrani, sema kwa dakika 5 na utaje watu kwa majina, hasa wale ambao risala haikuwataja: dereva, mhudumu, mlinzi wa usiku, fundi umeme. Simulia jambo moja dogo uliloliona kwa macho yako kuhusu kila mmoja. Usitumie nafasi hiyo kulipiza, wala kutoa ushauri wa namna ofisi inavyopaswa kuendeshwa. Kama ulikuwa na ushauri, ulistahili kuwa kwenye hati ya makabidhiano.

Neno kwa wanakamati pia. Msimchangishe kwa lazima mtumishi wa ngazi ya chini, na msimfanyie meneja ukumbi wa kukodi huku mfagizi akiagwa kwa soda mbili chini ya mwembe. Watu hukumbuka hilo kwa miaka.

Sitaki hafla. Je, ni utovu wa adabu?

Hapana. Mwambie msimamizi mapema, kabla michango haijakusanywa, kisha pita ofisi kwa ofisi siku moja kabla ya mwisho na kuaga kila mtu kwa mkono. Wengine hawawezi kusimama mbele ya watu bila kububujika machozi, na hiyo ni haki yao.

Nimeachishwa ghafla, sikupata hata nafasi ya kuaga. Nifanye nini?

Pole sana. Hili ndilo swali lililoniumiza kuliko mengine, kwa kuwa mara kadhaa mimi ndiye niliyetumwa kusimama mlangoni mtu akikusanya vitu vyake kwenye boksi. Kwanza linda haki yako. Kama unaona uliachishwa isivyo halali, mgogoro unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Huzuni isikulize mpaka siku hizo zikaisha. Weka pamoja barua ya kuachishwa, mkataba na hati za mshahara.

Kisha, juu ya kuaga: wapigie watu mmoja mmoja. Hakuna mwajiri anayeweza kukuzuia kumpigia simu mtu mliyekula naye wali wa mama ntilie kwa miaka 7. Usiwalazimishe waseme nani alikuwa na makosa, maana wao bado wanalala na kuamka na kazi hiyo. Wengine hawatapokea kwa woga, nao hukupigia wenyewe baada ya miezi; naomba uwapokee.

Sijaacha kazi, ila ofisi yetu inahamishwa. Kwa nini nahisi kama nimefiwa?

Kwa sababu unaaga kweli. Watumishi wa serikali waliokuwa Dar es Salaam wanalijua hili vizuri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa miaka mingi kama jambo la kusemwa tu, hadi mwaka 2016 ulipoanza kutekelezwa kwa kasi. Watu waliokuwa wamezoea upepo wa bahari pale Kivukoni, kivuko cha Kigamboni na supu ya samaki ya asubuhi walijikuta Mtumba, mji wa serikali huko Dodoma, kwenye ardhi kavu na vumbi jekundu, wakiwa na cheo kile kile na mshahara ule ule, lakini meza si ile, na familia nyingi zikiwa zimebaki nyuma karibu kilomita 450. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza makali hayo kwa wanaorudi nyumbani kila wiki, lakini haimrudishi mtu kwenye dirisha lake.

Ushauri wangu kwa ofisi inayohama ni huu: msiondoke kwa kupakia malori tu. Kusanyikeni mara moja katika jengo la zamani, wakubwa kwa wadogo, na waageni wanaobaki, kwa sababu wapo daima. Mama ntilie wa nyuma ya jengo hahami na wizara. Muuza magazeti hahami. Mkilipa madeni yenu kwao na kuwaaga kwa majina, mtakuwa mmeaga mahali hapo.

Nibaki kwenye kundi la WhatsApp la ofisi?

La kikazi, toka siku yako ya mwisho baada ya kuaga kwa ujumbe mfupi, kwani mambo ya ofisi hayakuhusu tena na waliobaki hawatakuwa huru kuandika. La misiba na harusi, baki.

Siku ya mwisho yenyewe niifanyeje?

Fika kwa wakati. Usipange kazi nyingi, na usiondoke saa nne asubuhi kana kwamba unatoroka. Ondoa vitu vyako binafsi asubuhi, wakati mikono bado haijalegea, na uifute meza mwenyewe kwa kitambaa. Rudisha kitambulisho na udai saini ya aliyekipokea. Mpe mrithi wako namba yako ya simu na umwambie wazi kwamba kwa mwezi mmoja anaweza kukupigia saa yoyote. Mzee wangu wa masjala alinipa miezi miwili, nami nilimpigia mara 11.

Jioni pitia kwenye kitabu cha mahudhurio kama siku zote. Andika saa ya kutoka, weka saini yako, kisha mpe mlinzi mkono na umuulize habari za watoto kabla hajafungua geti.